Mguu Uliotundikwa Ukutani

Fundi Miguu hakuwa mtu wa hasira. Nalisema hilo mapema kwa sababu wengi waliomfahamu mwaka huu wanamjua tu kama yule mzee aliyepanda juu ya benchi kanisani mchana kweupe akashusha mguu ukutani, nao wanadhani ni mkorofi wa kuzaliwa. Mimi nimefanya naye kazi chumba kimoja miaka kumi na minne. Nashona mikanda na bitana za ngozi za miguu ya bandia anayoitengeneza. Katika miaka yote hiyo nilimsikia akipandisha sauti mara mbili tu. Mara ya kwanza ni pale paka wa dobi alipokojoa ndani ya gunia la plasta. Mara ya pili ndiyo hii ninayotaka kuisimulia.

Karakana yetu iko mwisho wa korido ndefu ya hospitali, ukishapita kwa dobi, kabla ya chumba wanachorundika vitanda vibovu. Ina dirisha moja pana, meza mbili, jiko la umeme la kulainishia plastiki, na vyuma viwili virefu vilivyosimikwa sambamba, usawa wa kiuno, ambavyo wagonjwa hushikilia wanapojifunza kutembea upya. Mbele ya vyuma kuna kioo kirefu. Vumbi jeupe la plasta limetanda kila mahali, na chai yetu tunainywa nalo.

Fundi alianza maisha kama seremala wa milango. Mama mkwe wake alipokatwa mguu kwa sababu ya kisukari, mkwe akaona aibu kukaa na randa na misumeno halafu mama wa watu anatambaa uani. Akachonga mguu kwa mbao nzuri, akaupiga msasa mpaka ukang'aa, akaufungia mikanda ya begi la shule. Mama mkwe aliuvaa kwenye kila harusi na kila msiba. "Mkwe wangu amenipa mguu wa meza," aliwaambia wageni. "Bado mitatu, nisimame sawasawa." Watu walicheka, naye akacheka, lakini jioni akiuvua mguu soksi ilikuwa na damu.

Ile damu ilimnyima Fundi raha. Akaenda hospitali kuuliza wenzake hufanyaje. Mzee aliyekuwa na karakana wakati ule aliugeuza mguu wa mbao mara mbili, akamwambia, "Kazi yako ni safi. Kosa lako ni kwamba umepima mbao, hukumpima mtu." Fundi akaomba apewe kazi yoyote pale. Wakampa ndoo na plasta akoroge. Alikoroga miaka mitatu kabla ya kuruhusiwa kugusa mgonjwa, na mguu wa kwanza aliopewa kuutengeneza peke yake ulikuwa wa mama mkwe. Kutoka hapo miaka ishirini na sita imepita.

Alikuwa anasoma Maandiko saa ya chai. Kitabu chake kilikuwa na alama nyeupe za vidole karibu kila ukurasa. Anasali kwenye kanisa dogo la mabati upande wa pili wa reli, lenye watu sitini siku wakijaa sana, na hana cheo huko, anapanga viti tu. Lakini sijamwona mtu anayesoma kama yeye. Alisoma kifundi. Ile habari ya watu wanne waliotoboa paa ili kumteremsha mwenzao aliyepooza ilikuwa inampa shida kila mara. "Waliotoboa walirudi kesho yake kuziba," aliniambia siku moja. Nikamwuliza imeandikwa wapi. "Haikuandikwa, kwa sababu mwandishi hakuwa fundi."

Na ile ya kipofu aliyekaa kando ya njia akipiga kelele mpaka Bwana akasimama na kumwuliza anataka afanyiwe nini, Fundi aliishika kama sheria ya kazi. "Kila mtu pale aliona huyu ni kipofu," alisema. "Hata mtoto angejua anataka nini. Lakini aliulizwa. Yeye aliyejua yote aliuliza, sembuse mimi." Kwa hiyo hakuna mgonjwa aliyewahi kupimwa na Fundi kabla ya kuulizwa anataka nini. Na hakuwahi kumwambia mtu aliyekatwa mguu kwamba Mungu ana makusudi yake. Wagonjwa wengi walifika wakiwa wameshaambiwa hilo na watu kumi, kila mmoja akiwa amesimama kwa miguu yake miwili.

Mama Mwiko alitufikia hivyo. Ndilo jina wanafunzi wanalomwita mpishi wa shule ya msingi iliyo nyuma ya hospitali, mama wa makamo, mwenye sauti inayosikika ng'ambo ya uwanja. Lori la kuni lilirudi nyuma, dereva hakutazama, likambana kwenye ukuta wa jiko. Mguu wa kulia ulikatwa chini kidogo ya goti. Alikuja kwa magongo, akakaa kwenye stuli, akaitazama miguu iliyopangwa rafuni kama mtu anayechagua viatu.

"Unataka nini, mama?" Fundi akamwuliza.

"Mguu, baba. Kwani mnauza na vitunguu?"

"Mguu wa kwenda wapi?"

Akayalaza magongo sakafuni. "Sufuria langu ni la uji wa watoto mia tatu. Mwiko wake unashikwa kwa mikono miwili. Haya magongo yameninyang'anya mikono. Nataka nisimame jikoni, mikono yangu iwe huru. Hayo mengine nitajijua mwenyewe."

Fundi akayaandika maneno hayo kwenye daftari kama yalivyotoka, akaandika namba ya mguu pembeni. Alimfunga plasta mara tatu. Kikombe cha kwanza, yaani ile sehemu kigutu kinapoingia, kilimbana mfupa. Cha pili kilicheza. Cha tatu kilikaa. Mimi nilishona mkanda kwa uzi mwekundu, mara mbili, kwa sababu mweusi ulikuwa umekwisha. Nikamwomba radhi. "Acha hivyohivyo," akasema. "Angalau nipendeze mahali pamoja."

Siku aliyoviachia vile vyuma kwa mara ya kwanza hakupiga hatua. Alisimama mbele ya kioo, akakunja mikono yote miwili kwenye mwiko usiokuwepo, akaanza kukoroga hewa polepole, akiegemea upande huu na upande ule. Wagonjwa wawili waliokuwa wakisubiri walicheka mpaka mmoja akashikwa na kikohozi. Wiki iliyofuata alirudi jikoni kwake.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu, ambayo siipendi.

Mimi nilikuwa nasali kwenye kanisa kubwa karibu na stendi. Ukumbi wa vigae, spika kila kona, kwaya ya sare. Upande wa kushoto wa madhabahu kuna ukuta uliopakwa rangi ya dhahabu na kupigiliwa misumari mikubwa, nasi tuliuita Ukuta wa Ushindi. Watu walioombewa waliacha hapo vitu walivyokuwa wakitumia: magongo, miwani, kola za shingo, vifaa vya kusikia vilivyofungwa kwa utepe. Nilikuwa napita mbele yake kila Jumapili na moyo wangu unapanda. Sikuwahi kujiuliza wenye vitu hivyo wako wapi.

Akaja mhubiri mgeni, semina ya siku tatu. Siku ya mwisho, Jumapili mchana, nikamwona Mama Mwiko kwenye foleni ya maombi. Nilishangaa, maana hakuwa wa kwetu. Alikuwa anatembea vizuri, nami nikafurahi kimyakimya, kama mshonaji anavyofurahi kuona gauni lake barabarani. Mhubiri akamwekea kipaza sauti. Mama Mwiko akaeleza kwa sauti ndogo ambayo sikujua kuwa anayo: vidole vya mguu uliokatwa vinamuuma. Usiku na mchana. Vidole ambavyo havipo.

Hakuwa ametuambia hilo karakanani. Baadaye nilijua aliogopa tutamwona amerukwa na akili.

Mhubiri akatugeukia. "Mnasikia? Mguu unauma kwa sababu unataka kurudi. Nao hauwezi kurudi, kwa sababu mahali pake pana mpangaji. Mpangaji gani? Plastiki." Ukumbi ukarindima. Akamgeukia tena. "Mama, unaamini au huamini?"

Mtu ajibu nini, ameshikiwa kipaza sauti mbele ya watu elfu moja?

"Naamini."

"Basi vua hayo mashaka."

Akakaa kwenye ngazi ya madhabahu, akainamia mkanda. Niliuona uzi mwekundu. Wahudumu wawili wenye nguvu wakamshika makwapani, wakamvusha jukwaa kutoka upande mmoja hadi mwingine, mguu wake mmoja ukigusa sakafu kwa ncha ya kidole. Mhubiri akasema anatembea. Ngoma zikaingia. Mguu tulioutengeneza, na kiatu chake, ukapitishwa juu ya vichwa vya watu mkono kwa mkono mpaka ukutani, ukatundikwa kwenye msumari.

Kazi yangu ni kujua tofauti ya mtu anayetembea na mtu anayebebwa. Naijua hata nikiwa nimefumba macho, kwa kusikia hatua. Siku ile niliijua pia. Nami nilipiga makofi. Kila mtu alikuwa anapiga, na mikono yangu ikaniponyoka. Hakuna aliyeuliza, nikiwemo mimi, yule mama atafikaje kwake.

Nilikaa na jambo hilo kifuani siku kumi na sita. Kila asubuhi nilimsalimia Fundi, nikachukua sindano yangu, nikanyamaza.

Siku ya kumi na saba, Jumatano, alikuja mdogo wake Mama Mwiko, mwanamke mwembamba anayefulia watu nguo. Akasimama mlangoni na kanga imefungwa kiunoni kama mtu aliyetoroka kazini.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimekuja kuuliza kama mnaweza kumtengenezea dada mguu mwingine."

"Ule umevunjika?"

"Haujavunjika." Akatazama sakafu. "Uko kanisani. Ukutani."

Akaeleza yote. Dada yake anatambaa kwenda chooni. Goti limechubuka na sasa lina kidonda. Magongo nayo alikatazwa, aliambiwa ni mashaka yaleyale kwa jina lingine. Shuleni wamemweka mpishi wa muda, na mwalimu mkuu ametuma ujumbe kwamba asipoonekana mpaka mwisho wa mwezi nafasi itachukuliwa. "Na wale kina mama wa kanisani walikuja mara moja," akasema. "Wakaomba. Halafu wakamwambia kama mguu haujaota, achunguze moyo wake, kuna dhambi imeziba. Dada anakaa tangu asubuhi anatafuta dhambi. Ameshaungama mpaka za utotoni. Jana aliniomba msamaha kwa kipande cha sabuni alichowahi kuniibia."

Fundi aliweka tupa mezani, taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Kanisa gani?"

Akalitaja. Fundi akanigeukia mimi.

"Dada, hilo si lako?"

"Ndilo."

"Siku hiyo ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukauona mkanda?"

"Niliuona."

"Ukafanya nini?"

Nilitamani kudanganya. Nikasema, "Nilipiga makofi."

Akanitazama. Heri angenizaba kofi. Kisha akavua aproni, akaitundika, akasema, "Vua yako. Utanionesha mlango."

Njiani alitembea mbele yangu kwa kasi nisiyomjua nayo. Maneno yake yalikuwa machache. "Siku kumi na sita, dada. Kigutu kinavimba. Kile kikombe nilichokihangaikia mara tatu kinaweza kisiingie tena." Mbele kidogo akasema, kama anaongea na barabara, "Na mimi sikumwambia. Kila aliyekatwa kiungo nimemwambia kwamba kitamuuma hata kikiwa hakipo. Huyu alinichekesha siku ile nikasahau."

Kanisani tulimkuta katibu, akatuambia mchungaji ana wageni. Fundi akasema atasubiri ukumbini, akaingia bila kuruhusiwa. Mchana, bila ngoma na bila watu, ule ukumbi ulikuwa kama ghala. Jua la dirishani lilikuwa limepiga moja kwa moja kwenye Ukuta wa Ushindi, na vumbi lilikuwa juu ya kila kitu.

Mchungaji mwenyeji akatoka, shati limenyooka, miwani myembamba ya fremu ya dhahabu. Si mtu mbaya wa kutisha. Alinibatizia watoto.

"Bwana asifiwe, mzee."

"Amina. Nimekuja kuchukua mguu."

Mchungaji akatabasamu, akanitazama mimi, tabasamu likapungua. "Mzee wangu, vile vimewekwa wakfu. Ni ushuhuda. Vikiondoka, imani za wengi zitayumba."

"Mwenyewe anatambaa."

"Uponyaji una hatua. Tukimrudishia, tutakuwa tumemrudisha kwenye mashaka."

"Mchungaji," Fundi akasema, bado kwa sauti ya chini, "wewe umesoma kuliko mimi. Yule mtu aliyepooza, alipoinuka, aliambiwa afanye nini na kitanda chake?"

Mchungaji akageuka kuutazama mlango.

"Aliambiwa akibebe aende nacho kwake. Bwana hakukitundika mahali watu wakione. Na yule binti aliyemfufua, neno lililofuata lilikuwa apewe chakula. Chakula, mchungaji. Ninyi mmemtoa mtu mguu, mkamwachia aruke mpaka nyumbani kwa mguu mmoja, na hakuna aliyemfuata hata na kikombe cha maji. Mlichofuata ni dhambi zake."

"Unanihukumu ndani ya nyumba ya Mungu."

"Nioneshe mguu ulioota, nami nitapiga magoti hapa hapa."

"Imani haidai kuona."

"Basi na wewe vua miwani."

Mkono wa mchungaji ulienda usoni wenyewe, ukagusa fremu. Na hapo ndipo Fundi alipopandisha sauti, na ukumbi ule wa vigae ukamrudishia kila neno. "Miwani ya watu iko ukutani na yako iko usoni! Ya mwanafunzi ile, naiona ndogo, anasoma na nini sasa? Wewe Jumapili unasomaje kitabu? Umeyaweka wapi mashaka yako?"

Akavuta benchi, akapanda juu yake, mtu wa miaka hamsini na saba, akaushika mguu na kuunasua kwenye msumari. Katibu alikuwa amekuja na mhudumu mmoja. Mhudumu akasogea, kisha akasimama. Nadhani alikuwa mmoja wa wale wawili waliomshika makwapani, maana hakuweza kuutazama ule mguu.

"Nitaita polisi," mchungaji akasema. "Huu ni wizi wa kitu cha madhabahu."

"Waite. Namba imeandikwa ndani ya kikombe kwa mkono wangu, na jina la mwenye mguu liko kwenye daftari la hospitali. Wakija waulize na hivi vingine ni vya nani."

Alikuwa bado juu ya benchi. Nikamwona anatazama vitu vingine kimoja kimoja, na uso wake unabadilika. Vitatu vilikuwa vyetu. Alivitambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake. Nilidhani atavibeba vyote, nami nilikuwa tayari kumpokelea. Lakini akatoa kalamu sikioni akaandika namba za vile vitatu kwenye kiganja, akashuka. "Hivi sijatumwa," akaniambia. "Wenyewe hawajaniomba. Nitawauliza." Hata kwenye ghadhabu ile aliikumbuka sheria yake.

Tulifika kwa Mama Mwiko saa tisa alasiri. Vyumba viwili, pazia la maua, jiko la mkaa limezimika. Alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, na alipouona mguu mikononi mwa Fundi hakufurahi. Alijivuta nyuma.

"Fundi, umeutoa? Umeniua."

Fundi akakaa chini naye, kwenye sakafu, mguu akauweka kando kwanza. Akaomba kuona kidonda. Akakitazama, akakunja uso, akamtuma mdogo mtu akachemshe maji na chumvi. Muda huo wote hakusema neno la dini. Alisafisha kidonda taratibu, akakifunga kwa kitambaa safi kutoka mfukoni mwake.

"Vidole bado vinauma?" akauliza.

Mama Mwiko akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Unajua habari hiyo?"

"Ni kosa langu hukuijua mapema. Karibu kila niliyemtengenezea mguu, vidole humuuma hivyo. Mama mkwe wangu alikuwa akikuna hewa mpaka anakufa. Kuna wakati maumivu hupungua, na kuna namna za kuyapunguza, nitakuonesha, kioo kinasaidia, ukiutazama humo mguu mzima kana kwamba ni ule mwingine. Si mguu unataka kurudi. Si pepo. Si dhambi. Ubongo wako bado haujapata habari."

Akalia hapo. Hakulia kwa sauti yake kubwa. Alilia kama mtu aliyetua ndoo baada ya mwendo mrefu. Kisha akauliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo siku zote kumi na saba. "Kwa hiyo imani yangu ilikuwa ndogo?"

"Ulivua mguu mbele ya umati ukiamini utasimama," Fundi akasema. "Mimi sina imani ya namna hiyo. Aliyekuwa na imani ndogo ni yule aliyewaleta watu wawili wakushike. Kama kweli aliamini, angekuachia."

"Na nikiuvaa, Mungu akanikasirikia?"

"Aanze na mimi. Ndiye niliyeutengeneza."

Mdogo mtu alicheka kwa pua, na Mama Mwiko, machozi bado yanatoka, akacheka kidogo naye. Fundi hakumvalisha siku ile. Alisema kidonda kwanza kipone, na mpaka kipone atumie magongo, na yeyote atakayekuja kumwambia magongo ni mashaka, amwelekeze karakanani.

Yaliyofuata hayakwenda vizuri yote. Kidonda kilichukua wiki tano. Mwisho wa mwezi ukapita, na mwalimu mkuu akampa yule mpishi wa muda nafasi moja kwa moja. Fundi alikwenda kuonana naye mara mbili, akajibiwa kwa adabu kwamba watoto hawawezi kusubiri uji. Kikombe hakikuingia tena, kama alivyohofia, na akaanza upya kwa plasta. Mama Mwiko alirudishwa jikoni muhula uliofuata kama msaidizi, kumenya na kuosha, chini ya mwanamke ambaye angeweza kuwa binti yake. Mwiko mkubwa alipewa siku za Ijumaa tu. Anasema Ijumaa uji hauna madonge, na watoto wanajua.

Kanisa liliandika barua hospitalini. Fundi akaitwa ofisini kwa mkuu, akaambiwa amevuka mpaka wa kazi yake, aombe radhi kwa maandishi. Alirudi karakanani akakaa na karatasi mbele yake asubuhi nzima. Mwisho akaandika kwamba anaomba radhi kwa kupanda juu ya benchi na viatu. Hakuandika zaidi. Barua ya onyo ipo kwenye faili lake mpaka leo, miaka mitatu kabla ya kustaafu, na faili hilo halikuwa na doa.

Mimi Jumapili iliyofuata nilisimama wakati wa ushuhuda. Nikasema mkanda uliokuwa ukutani niliushona mimi, na kwamba siku ile nilijua na nikapiga makofi, na mwenye mkanda alitambaa siku kumi na sita. Sikumaliza. Kipaza sauti kilizimwa, kwaya ikaanzishwa. Lakini waliokaa viti vya karibu walisikia, na wengine hawakuimba.

Wenye vile vitu vingine Fundi aliwatafuta mmoja mmoja baada ya saa za kazi, akawauliza. Mmoja alimfukuza. Mmoja alikuwa ameshafariki. Wa tatu alikuwa baba wa msichana mwenye vyuma vya kunyooshea miguu, akaenda mwenyewe kuvichukua Jumanne asubuhi, na hakuna aliyemzuia. Alipomleta binti tuvijaribu, havikufika hata kwenye kifundo. Miguu ilikuwa imekua kwa mwaka na nusu, na ilikuwa imekua imepinda. Fundi alimpima upya. Binti alipotoka, Fundi akaenda kusimama kwenye korido, uso ukutani, muda mrefu, na mimi nikaendelea kushona.

Sasa nasali naye ng'ambo ya reli, kwenye lile kanisa la mabati. Nilimwuliza kama amewasamehe. Alisema anaomba kila siku asiwachukie, na kuna siku anafaulu, lakini kukasirika haombi kuondolewa. "Bwana alipopindua zile meza hekaluni," alisema, "nimetafuta mahali alipoombea radhi, sijapaona."

Juzi tulisikia yule mhubiri yuko mji mwingine, semina ya wiki nzima. Fundi aliuliza kama hospitali ya huko ina karakana ya miguu. Tukaambiwa haina. Alimaliza kukwangua kikombe alichokuwa nacho mkononi, akanawa, akaenda ofisini kujaza fomu ya likizo yake ya mwaka, na aliporudi akaniuliza nina uzi kiasi gani wa kusafiri nao.